Glavu za Binti Yangu

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba fundi cherehani wa Temeke, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 ameshona kanzu, sare za shule na magauni ya arusi, alikesha siku tatu mfululizo akishona glavu, yamkini utacheka. Glavu na joto la Dar es Salaam, wapi na wapi? Hata mimi nilicheka siku binti yangu aliponiletea habari hiyo.

Alikuja Jumamosi alasiri, nami niko barazani napunguza suruali ya mteja. Tulipokwisha kuamkiana alivuta kigoda, akakaa, akatoa mkobani ovaroli kuukuu ya rangi ya majani makavu, iliyopasuka magoti yote mawili, akaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia.

"Baba," akasema, "hii nimepewa na mwalimu wangu. Ni kitambaa kisichoshika moto. Nataka unishonee glavu."

Binti yangu ni rubani. Naandika maneno hayo manne kwa majivuno ambayo naomba nisamehewe, maana mimi mwenyewe sijapanda ndege hata mara moja. Wakati huo alikuwa amekwisha kupata leseni yake, na alikuwa ameahidiwa kazi katika ndege ndogo zinyunyizazo dawa ya kuua kwelea kwelea. Wasomaji waliokulia Dodoma, Shinyanga au Mbeya hawahitaji kuelezwa balaa la viumbe hao: kijindege kidogo kuliko kiganja cha mtoto, lakini kundi lake likitua katika shamba la mtama au mpunga, mwenye shamba hubaki na mabua. Rubani wa kazi hiyo huruka chini sana, jioni jua linapozama na ndege hao wanaporudi mitini kulala, tena hutua katika viwanja vya udongo ambako hakuna gari la zimamoto wala mnara wa kumwongoza.

"Kwani ndege ina moto?" nikamwuliza.

"Ndege ina mafuta, Baba, na mimi ninakaa karibu nayo."

Mama yake alikuwa ndani akichambua mchele. Nilimwona akiinua kichwa, kisha akakiinamisha tena.

Sikutaka kushona kitu nisichokielewa. Asubuhi ya Jumatatu nikamwendea mzee mmoja rafiki yangu anayekaa Kipawa, fundi wa ndege mstaafu, ambaye alianza kazi kijana katika shirika la ndege la Afrika Mashariki na kuliona likivunjika mwaka 1977. Nilimkuta uani akinywa kahawa. Nilipomweleza haja yangu hakucheka hata kidogo. Alinyosha mikono yake miwili mbele yangu, kisha akaanza kukunja kidole kimoja kimoja.

Moto ukizuka katika ndege ndogo, alisema, rubani hana kazi ya kuuzima muda mrefu. Akiwa bado angani ana kazi ya kuiteremsha ndege, na akiwa chini ana kazi ya kutoka. Kwanza afunge mafuta yasiende kwenye injini. Pili azime swichi za umeme. Tatu afungue mikanda iliyomfunga kiunoni na mabegani. Nne avute komeo la mlango, na huenda mlango umepinda. Mambo hayo yote manne ni ya vidole. Mtu anaweza kuwa na miguu mizima na akili timamu, lakini vidole vikiungua katika sekunde za mwanzo, komeo la mlango linakuwa sawa na kufuli lisilo na ufunguo. Glavu haimwezeshi rubani kukaa motoni. Humnunulia sekunde chache tu, na sekunde hizo ndizo anazozitumia kufungua mkanda na mlango.

Nikamwuliza mbona marubani wa ndege kubwa za abiria tunawaona mikono mitupu. Akanijibu kwamba hao wamekaa mbali na injini na matangi, na ndege zao zina mitambo mingi ya kuonya na kuzima moto. Wanaovaa glavu aghalabu ni wanajeshi, marubani wa helikopta, wale wa michezo ya angani, na hawa wa kunyunyiza dawa. Mwenye ndege ndogo ya kawaida huachiwa achague mwenyewe, na wengi, alisema mzee yule, huchagua baada ya kumwona mwenzao.

Ni yeye aliyenipa habari za marubani wa Uingereza wa mwaka 1940, nami baadaye nikazisoma kwa kirefu. Ndege zao za kivita, Spitfire na Hurricane, zilikuwa na tangi la mafuta mbele ya rubani, kati yake na injini. Tangi hilo lilipopigwa risasi, ndimi za moto zilimjia rubani usoni na mikononi. Vijana hao walikuwa wamepewa glavu, lakini wengi hawakupenda kuzivaa, kwa sababu zilikuwa nzito na ziliwanyima kuhisi usukani. Mmoja wao, Richard Hillary, alitunguliwa tarehe 3 Septemba, 1940, akiwa hana glavu mikononi. Aliokolewa baharini akiwa ameungua uso na mikono, na daktari wa upasuaji Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, akamtengenezea kope mpya na kuihangaikia mikono ile katika hospitali ya mji wa East Grinstead. Kijana huyo aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1942, kisha akarudi kurusha ndege vidole vyake vikiwa bado vizito, akafa mazoezini usiku mmoja wa Januari, 1943. Wagonjwa wa McIndoe walijiundia chama chao mwaka 1941, wakakiita kwa mzaha Guinea Pig Club, yaani chama cha wanyama wa majaribio, na hadi vita vilipokwisha wanachama walifika 649. Hesabu hiyo haikunitoka kichwani. Watu 649, karibu kila mmoja na mikono yake.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kazi.

Hapa naomba mniruhusu niseme kidogo kuhusu ufundi, maana ndipo kosa langu lilipo. Kitambaa cha ovaroli ile kinaitwa Nomex. Ni nyuzi za aina ya aramidi, zilizotoka katika maabara za kampuni ya DuPont ya Marekani, na zilianza kuuzwa katika miaka ya 1960. Nilikata kipande chenye upana wa kidole, nikakishika kwa koleo, nikakiwashia kiberiti. Hakikuyeyuka. Hakikudondosha tone. Kiligeuka cheusi, kikakakamaa na kuvimba kidogo, na nilipoondoa moto kikazimika chenyewe. Sifa hiyo imo ndani ya uzi wenyewe, haikupakwa juu yake. Kwa hiyo kufua hakuiondoi, tofauti na baadhi ya nguo za pamba zilizotiwa dawa, ambazo zikifuliwa vibaya mara nyingi hurudi kuwa pamba tu.

Migongo ya glavu niliikata katika mapaja ya ovaroli, mahali palipokuwa hapajachakaa. Viganja nilivikata katika ngozi laini ya mbuzi, kwa maana ngozi hushika vizuri usukani wenye jasho, na ikiguswa na moto hukauka na kujikunja lakini haidondoki kama nta. Glavu za marubani wa jeshi la Marekani nazo zimetengenezwa hivyo kwa miaka mingi: mgongo wa Nomex, kiganja cha ngozi. Mkono wake nikaufanya mrefu, upite kifundo na kuingiliana na mkono wa ovaroli, kwa kuwa pale zinapoachana nguo mbili ndipo moto unapopata mlango.

Kisha nikataka ziwe nzuri. Ndugu zangu mafundi mtanielewa. Ndani ya glavu mishono ya Nomex na ngozi hukwaruza, nami nilikuwa na mabaki ya bitana laini, yenye kung'aa kama maji, niliyokuwa nimeitumia katika koti la bwana arusi. Nikaitia. Nikashona kwa uzi ule ule ninaoushonea kila kitu, mishono miwili miwili, imara, ya kunyooka. Zilipokwisha, hata mimi nilishangaa. Binti yangu alizivaa, akakunja ngumi, akachukua sarafu ya shilingi 50 mezani bila taabu, akanikumbatia mbele ya wateja. Akaondoka nazo kwenda Dodoma.

Baada ya wiki moja akapiga simu. Wenzake watatu wamezipenda, kila mmoja anataka jozi yake, na fedha za kianzio wamezituma. Nilizipokea siku hiyo hiyo, na sitaficha kwamba kesho yake zilikuwa zimekwisha kugeuka mabati ya chumba cha uani.

Sasa lazima nirudi nyuma, mwaka 1984. Ilikuwa miaka ya uhaba. Aliyepata kitambaa alihesabu bahati. Siku tatu kabla ya Idi nilipata mita nne za nailoni ya maua, nikamshonea mke wangu gauni. Yeye ndiye aliyetaka mikono mipana, kwa kuwa ndiyo mitindo ya wakati ule, na mimi ndiye niliyeikata mipana kuliko alivyotaka. Asubuhi ya Idi alilivaa, akainama kutia chumvi katika sufuria iliyokuwa juu ya jiko la mafuta ya taa. Mkono wa kushoto wa gauni ukashika moto.

Nguo ya pamba huungua ikawa majivu. Ukiwahi kuimwagia maji imekwisha. Nailoni haikuwa majivu. Iliyeyuka, ikamganda kuanzia kiwiko hadi vidoleni kama lakiri juu ya bahasha, ikaendelea kumwunguza hata moto ulipokwisha zimika. Jirani mmoja alikuja na mafuta ya kula, mwingine na dawa ya meno, nasi kwa ujinga wetu tukavipaka vyote, ilhali tulichotakiwa kufanya ni kumiminia maji ya kawaida yasiyo ya barafu kwa dakika 20 na kumkimbiza hospitali bila kubandua kitu. Alilazwa wiki sita. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete, havijanyoka mpaka leo.

Tangu siku ile mke wangu hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mimi naye hatukuwahi kulitaja lile gauni.

Basi, usiku mmoja nilikuwa nashona jozi ya pili, ile ya kwanza kati ya zile tatu, taa iko juu ya cherehani, watu wamelala. Mke wangu akatoka na kikombe cha chai, akakaa pembeni. Akaichukua glavu ya kushoto iliyokwisha kushonwa, akajaribu kuivaa. Vidole viwili vilivyopinda vikakataa kuingia. Akaipindua nje ndani, akaipapasa kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Baba Watoto," akasema, "bitana hii inateleza kama lile gauni."

Hakusema zaidi. Aliweka glavu mezani, akaingia kulala.

Nilikaa muda ambao siwezi kuukadiria. Kisha nikachukua kipande cha bitana, nikakishika kwa koleo, nikawasha kiberiti. Kilikimbia kutoka kwenye moto, kikajikusanya, kikayeyuka, kikadondosha tone juu ya kigae. Tone likapoa likawa shanga ngumu nyeusi. Nikachomoa uzi kutoka katika mshono wangu imara ule wa kunyooka. Nao hivyo hivyo, shanga ndogo kama kichwa cha pini. Bitana ilikuwa nailoni, uzi ulikuwa poliesta. Nailoni nyingi na poliesta huyeyuka joto likifika kati ya nyuzi 220 na 260 za sentigredi, wakati ambapo Nomex huanza kuharibika na kuwa kaa karibu na nyuzi 370. Maana yake ni kwamba mwanangu alikuwa anaruka huku amevaa kinga nje na lakiri ndani, na kama moto ungezuka, kitambaa cha nje kingebaki salama kuutazama mshono ukiachia na bitana ikishikana na ngozi yake.

Binti yangu aliniletea kitambaa kizuri. Kuhusu uzi hakusema neno kwa sababu yeye si fundi. Fundi ni mimi.

Saa 11 alfajiri nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandalia maneno, lakini aliposema "Shikamoo Baba" yote yakanipotea.

"Zile glavu usizivae," nikasema.

"Kwa nini, Baba? Ninazo wiki ya tatu. Jana nimeruka nazo saa mbili."

Nikamweleza. Nilieleza uzi, nikaeleza bitana, kisha, sijui kwa nini, nikaeleza na gauni la mwaka 1984, jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Yeye alidhani mama yake aliunguzwa na jiko tu. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Baba," hatimaye akasema, "ungenyamaza, mimi nisingejua."

"Mama yako angejua," nikamjibu.

Fedha za wenzake nilizirudisha zote. Nilimkopa shemeji yangu, na deni hilo lilinichukua miezi minne. Mabati yapo, hayavuji, lakini kila mvua ikinyesha nayasikia.

Yaliyofuata ni habari ya kununua, na hapo nilijifunza kwamba duka nalo lina ujanja wake kama fundi. Katika duka moja mjini tulioneshwa glavu za rangi nzuri, zenye alama ya mabawa mgongoni, na mwuzaji akaapa kwamba ni za marubani. Niliomba kusoma kitambulisho cha ndani, hakikuwapo. Nikaomba nichomoe uzi mmoja uliokwisha legea kwenye pindo. Alikubali kwa kudhani natania. Nilipouwasha ukawa shanga. Akasema moto wa kiberiti si moto wa ndege. Ni kweli, wa ndege ni mkali zaidi. Tukatoka.

Nilifikiria pia kubadili uzi tu na kutumia wa pamba. Mzee wa Kipawa akanikataza. Uzi wa pamba hauyeyuki, lakini huungua, na mshono ukifunguka kiganjani kinga yote imekwisha. Glavu ya rubani hushonwa kwa uzi wa aramidi pia, ama wa Nomex yenyewe ama wa Kevlar, ile nyuzi aliyoivumbua bibi mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965, na uzi huo sikuupata Kariakoo kwa kuzunguka siku nzima. Hapo nikakubali kwamba kazi hii si yangu. Kwa mtu wa umri wangu haikuwa rahisi kukubali kwamba kuna vazi la mwanangu nisiloweza kulishona.

Mpwa wangu anayeishi Uingereza aliahidi kununua jozi halisi na kuituma. Akataka kipimo. Glavu hupimwa kwa kuzungusha futi kamba kwenye kiganja, chini kidogo ya mafundo ya vidole, bila kujumlisha gumba, na hesabu ya inchi ndiyo namba ya glavu. Mkono upimwe ule wenye nguvu, maana ndio mpana. Nilimpima binti yangu alipokuja likizo, nikapata inchi 7 kamili. Kwa mazoea ya kanzu, nikaongeza nusu inchi ili mkono upumue, nikaandika saba na nusu. Dukani hawakuwa na nusu, wakatoa namba 8. Zilipofika, ncha za vidole zilimzidi karibu sentimita moja. Akijaribu kubonyeza swichi moja alibonyeza mbili, na akishika wenzo wa kuongezea nguvu za injini, ncha ya kidole gumba ilinasa pembeni. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Zikarudishwa, ikaja namba 7.

Hizo zilimkaa. Zilimbana kidogo siku ya kwanza, na mzee wa Kipawa akasema ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ngozi hutanuka na kuufuata mkono. Zikibana hadi mshono unavutika mtu akikunja ngumi, au vidole vinakufa ganzi, hizo ni ndogo. Tulizijaribu barazani kwa utaratibu aliotupa: kuokota sarafu, kufunua ukurasa mmoja wa ramani, na mwisho kufunga na kufungua mkanda akiwa amefumba macho. Mkanda wenyewe ulikuwa wa kiti cha gari bovu la jirani. Watoto wa mtaa walijaa kutazama. Alipomaliza mara kumi bila kukosea walipiga makofi, ingawa sidhani walijua wanashangilia nini.

Jambo moja lilituletea ubishi. Ramani za siku hizi marubani wengi huziangalia katika kioo cha kugusa kwa kidole, na kioo hicho hakitambui ngozi wala Nomex. Binti yangu alitaka nimkatie ncha ya kidole cha shahada, kama walivyofanya wenzake wawili. Nilikataa. Nilimwambia kwamba mkasi wangu umekwisha kosa mara moja katika nyumba hii. Zipo glavu ambazo ncha zake zimetiwa nyuzi zinazopitisha umeme na ambazo kioo hicho huzitambua, lakini jozi yake haikuwa ya namna hiyo, na kutuma tena kulikuwa na gharama. Tukapatana atumie kalamu ya kugusia, akaifunga kwa kamba kwenye ubao wa pajani. Mpaka leo analalamika kwamba kalamu humponyoka, nami mpaka leo sijakata.

Lakini kumbe glavu za moto peke yake hazimtoshi rubani wa kwelea kwelea, na hili alinifundisha yeye. Dawa inayotumika, fenthioni, ni sumu ya mishipa ya fahamu, na haihitaji kumezwa: hupenya katika ngozi ya mtu. Kwa kugusa mapipa, mipira na pua za kunyunyizia, huvaliwa glavu nyingine kabisa, za mpira wa nitrili, ndefu, zisizo na bitana ya kunyonya. Mpira huo ukivaliwa angani hauna faida katika moto. Na ngozi ikiguswa na dawa huifyonza na kuitunza, wala sabuni haiitoi, kwa hiyo rubani hubaki anajipaka sumu kila siku kwa mkono wake mwenyewe. Basi ana jozi mbili, mifuko miwili, na sheria moja: anayevua za mpira hunawa kwanza kabla ya kugusa za kurukia. Glavu ya ngozi iliyorushiwa dawa hutupwa, hata kama ni ya jana na hata kama ilitoka Uingereza. Nilipomwuliza kama kweli angeitupa, alinitazama kwa jicho la mama yake.

Vivyo hivyo kwa mafuta. Nomex iliyolowa mafuta ya injini au petroli itawaka kwa sababu mafuta ndiyo yanayowaka, na kitambaa hakiwezi kuyakataza. Kwa hiyo kila anapokuja likizo, mama yake huzichukua zile glavu, akazivaa binti mwenyewe mikononi kama anayenawa, na kuzisugua kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu. Dawa ya kung'arisha nguo haiguswi, maana inaudhoofisha uzi. Hazikamuliwi. Hutandazwa kivulini juu ya kamba ya uani, kwa kuwa jua kali huikausha ngozi ikawa kama gome, na kabla hazijakauka kabisa huvaliwa tena kidogo ili zikumbuke umbo la mkono.

Zile glavu zangu za kwanza nilizifumua mwenyewe, mshono kwa mshono. Bitana niliitia katika taka. Ngozi ilikuwa imekwisha jaa matundu ya sindano. Nomex ilibaki, pamoja na mapande mengine ya ovaroli ya mwalimu, nami sikuwa na moyo wa kuitupa. Nikaikunja matabaka manne, nikaikata mraba wa kiasi cha viganja viwili, nikaizungushia pindo, iwe kishikio cha sufuria.

Nilimpelekea mke wangu jikoni. Aliigeuza mbele na nyuma, hakusema asante. Alivuta uzi mmoja uliochomoza penye kona, akaukata kwa meno, akauweka juu ya kigae na kuuwasha kwa kiberiti. Ulikuwa wa pamba. Uliwaka ukatoa harufu ya karatasi, ukawa majivu. Aliyapuliza, akakichukua kishikio kwa mkono wa kushoto, akaipua ugali.